Diski ya Ng'ambo ya Mto

Kamakura, 14 Novemba 2023

Kwako Bi. Orie Mizoguchi,

Tangu baba yako afariki nimeficha jambo moja, na jambo lenyewe ni hili: si yeye aliyesema kwamba diski ya wapinzani wetu haifai. Ni mimi niliyesema. Yeye aliniambia kwamba inafaa, tena imetushinda. Nikapanda ghorofa ya juu nikawaambia wakurugenzi kinyume chake, nikitumia jina lake.

Huenda hunikumbuki. Naitwa Shigenobu Onuki. Nilikuwa mkuu wa idara ya baba yako katika Kampuni ya Kuroiwa. Siku ya mazishi ulikuwa umevaa sare ya shule, nami nilisimama nyuma, karibu na mlango. Wiki iliyopita nilipokea kadi yako ya msiba, ile ya kuwaarifu watu kwamba mwaka huu nyumba yenu haitatuma salamu za mwaka mpya kwa sababu mama yako hayupo. Pole sana. Nadhani uliituma kwa kila mtu aliyekuwa akiandikiana naye, bila kujua mimi ni nani. Kila mwaka mpya mama yako alinitumia kadi, na katika kila kadi alinishukuru kwa wema niliomtendea mumewe. Nilizijibu zote. Niliandika kwamba nami namshukuru.

Madaktari wamenihamishia katika nyumba hii ya wagonjwa ambao hawatarajiwi kurudi kwao. Ini limechoka. Asubuhi akili yangu ni nzuri na mkono unashika kalamu, kwa hiyo naandika asubuhi.

Ulikuwa mtoto, acha nieleze. Siku zile kulikuwa na diski mbili mpya za kuonyeshea filamu kwa picha safi kuliko zile za zamani. Zote zilisomwa kwa mwanga wa buluu, zote zilikuwa na ukubwa mmoja, na mashine ya hii haikuweza kuisoma ile. Yetu ilitengenezwa karibu sawa na diski za zamani, kwa hiyo viwanda vingeimimina bila kubadilisha mambo mengi. Yao ilibeba mengi zaidi, lakini ilichobeba kilikaa juu juu, chini ya ngozi ya plastiki nyembamba kama unywele. Makao makuu yao yalikuwa upande wa pili wa daraja, basi sisi tukawaita watu wa ng'ambo ya mto. Tulikuwa tukicheka kantini: "Diski ya ng'ambo ya mto, ukiipigia chafya imekufa."

Mwaka 2005, kabla diski yoyote haijaingia madukani, kampuni hizi mbili zilikutana kwa siri kutafuta njia ya kutoa diski moja tu. Kila mtu alijua kwamba zikitoka mbili, mmoja wetu atazikwa. Baba yako alipewa kazi ya kuipima diski yao. Akaipima. Mazungumzo yakavunjika kwa sababu ya jibu ambalo si lake, tukaingia vitani, na mwanzoni mwa mwaka 2008 tukashindwa mbele ya dunia nzima. Kiwanda chetu cha Kamisawa, bonde alikozaliwa baba yako, kikafungwa. Watu wa Kamisawa wakaambiwa kwamba fundi Mizoguchi, mtoto wao wenyewe, alipima vibaya.

Sijawahi kufanya kazi na mtu aliyepima vizuri kama yeye. Sikuombi msamaha. Nimetaka tu ujue.

Shigenobu Onuki


Yokohama, 27 Novemba 2023

Bwana Onuki,

Nimeisoma barua yako ndani ya treni nikapitiliza kituo changu. Nilishuka mahali nisipopajua, nikakaa kwenye benchi, nikaisoma tena.

Unasema umetaka tu nijue. Haya, sasa najua. Nikifanyie nini nilichojua?

Nikueleze ninavyoishi, kwa kuwa wewe umeeleza unavyokufa. Juu ya kabati langu, kando ya televisheni, kuna vyungu viwili vya majivu. Kimoja ni cha baba, kimoja cha mama. Kaburi la ukoo liko Kamisawa na mwenye kauli ni Baba Mkubwa Kenkichi, kaka yake baba. Yeye ndiye aliyekuwa na karakana ya plastiki bondeni, akapoteza karakana, akapoteza na mashamba. Baba alipokufa, Baba Mkubwa alimwambia mama mbele ya wageni: "Shemeji, siku yako ikifika, karibu kwetu. Yeye hapana." Mama akamjibu, "Basi na mimi nitabaki nje naye." Akabaki. Alikufa Juni mwaka huu, na bado yuko nje.

Machi ni kumbukumbu ya kumi na saba ya baba, kwa hesabu ya hekalu ambayo mwaka wa kifo huwa ni wa kwanza. Nataka siku hiyo waingie wote wawili. Baba Mkubwa ana miaka themanini na moja, na mwanawe aliyeko Osaka amesema wazi kwamba mzee akiondoka atalikabidhi kaburi kwa hekalu na kulifunga. Nikikosa Machi, nimekosa kabisa. Na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, kulikuwa na dalili. Baada ya msiba wa mama, Baba Mkubwa alinipigia simu akauliza, "Chungu cha mdogo wangu umekiweka wapi, kisije kikapigwa na jua." Alisema mdogo wangu. Miaka yote alikuwa akisema yule.

Diski hizo za ng'ambo ya mto nazikumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba alizileta nyumbani akaipaka moja mchuzi wa kari, akaiosha kwenye sinki la jikoni. Mama alifoka: "Tadaoki, hapo panaoshwa vyombo, hapapimwi mitambo!" Baba akasema, "Tulia mke wangu, hii ni sahani ya kwanza ambayo hata ukiiosha wewe haivunjiki." Mama akamtupia sifongo, ikampata sikioni. Kisha baba akanipa ufunguo wa baiskeli akaniambia nikwaruze. Nilikwaruza kwa nguvu zangu zote. Picha ikaja safi. Baba akacheka, halafu ghafla akanyamaza, akakaa kwenye kiti akiitazama televisheni. Nilidhani nimeharibu kitu.

Nina maswali mawili. La kwanza: mtu aliyejua vile, mbona hakusimama kwenye mkutano wa kampuni aseme? La pili si swali. Mwandikie Baba Mkubwa. Mimi nikimwambia atasema binti anamtetea babake. Aambiwe na wewe. Anwani nimeiandika nyuma.

Orie Mizoguchi


Kamakura, 8 Desemba 2023

Bi. Orie,

Nitaanza na la mkutano.

Umefanya kazi ofisini, unajua mikutano yetu ilivyo. Hakuna jambo linaloamuliwa pale. Neno huzungushwa kabla, kutoka meza hadi meza, kwa chai na maulizo ya afya, mpaka kila mtu awe amekubali akiwa peke yake. Siku ya mkutano watu hukutana ili kuinamisha vichwa. Kwa hiyo mwenye nguvu ni yule anayezungusha neno. Katika idara yetu aliyezungusha ni mimi.

Baba yako alinijia asubuhi baada ya siku hiyo ya sinki. Hakukaa. Alisema, "Bosi, wametupiga. Nimeisugua kwa waya wa kuoshea sufuria. Nimeipaka kari. Binti yangu ameikwaruza kwa ufunguo. Wamepata dawa ya kuipaka juu, ikikauka inakuwa ngumu kama kucha." Nikamuuliza, "Una uhakika?" Akasema, "Tukubali diski yao, sisi tuombe sehemu katika mashine. Tukifanya hivyo sasa, tutakaa meza moja. Tukingoja, tutakuja kuomba kazi ya kufagia." Nikamwambia akapumzike, nitawazungukia wakubwa.

Nikaenda kwa Mkurugenzi Hatakenaka. Akaniuliza, "Onuki, kijana wako anasemaje? Hawa jamaa wa ng'ambo ya mto wanaweza kweli?"

Sikuwa nimepanga. Nakuapia sikuwa nimepanga. Nilisikia tu mdomo wangu ukisema, "Mizoguchi anasema ngozi yao haidumu."

"Nilijua!" akapiga meza. "Wale kazi yao kupaka rangi tu."

Kutoka hapo nikawa sina pa kurudi. Ofisi ya pili nikasema hivyo hivyo, na ya tatu. Siku ya mkutano Hatakenaka alisimama akasema, "Fundi Mizoguchi mwenyewe ametuthibitishia kwamba diski yao haiwezekani." Baba yako alinitazama. Mimi nikatazama meza. Angefungua mdomo angekuwa ananiita mwongo mbele ya kampuni nzima, na mimi na marehemu mke wangu ndio tuliokuwa washenga wa harusi yake. Tuliketi kando yake siku ile. Mtu hamvui nguo mshenga wake hadharani. Akainamisha kichwa. Kwetu sisi hilo ni kukubali, nawe unajua.

Baadaye, kwenye korido, alisema, "Bosi, nimeelewa." Sikumuuliza ameelewa nini.

Utauliza kwa nini. Diski ile niliianza nywele zangu zikiwa bado nyeusi. Nilikuwa nimemnyima mke wangu wakati kwa ajili yake. Sikutaka kuambiwa kwamba watu wa ng'ambo ya mto wako sahihi. Natamani ningekuwa na sababu kubwa kuliko hiyo.

Leo hii hii nimemwandikia baba yako mkubwa. Nimemwambia kwamba mdogo wake alijua ukweli tangu mwaka 2005, kwamba aliniambia mimi, na kwamba mimi ndiye niliyeuzima. Nimemwomba amwingize kaburini. Nadhani sasa nimesema yote.

Shigenobu Onuki


Kamisawa, 20 Januari 2024

Bwana Onuki,

Mimi si mtu wa barua. Mke wangu ndiye aliyekuwa akiandika, naye hayupo. Utanivumilia.

Nilikaa na karatasi zako mwaka mpya wote. Mwandiko safi sana. Msomi ni msomi hata akilala kitandani. Umeandika vizuri kabisa kwamba mdogo wangu alijua tangu mwaka 2005 kuwa diski yenu itapigwa. Ulidhani nitafurahi?

Sasa mimi nami nikukumbushe. Oktoba 2006 ulikuja hapa na gari jeusi la kampuni, dereva ana glavu nyeupe. Watoto walidhani amekufa mtu. Ulikaa mezani kwangu. Mke wangu alikupikia uyoga aliouchuma mwenyewe mlimani, ukaomba uongezewe. Ulikuwa umeleta mkataba wa mashine za diski mpya. Warsha zote za bonde zilikuwa zinanitazama mimi. Kenkichi akinunua, wanunue. Kenkichi akigoma, wagome. Nilikuambia, "Sitii mhuri wangu popote mpaka nijue Tadaoki anasemaje." Tadaoki alikuwa Ujerumani, mmempeleka huko kusimamia kiwanda. Ukaweka kikombe chini taratibu, ukasema, "Nimeongea naye kabla hajaondoka. Ameniagiza nikuambie: kaka, nunua."

Nikatia mhuri. Majirani nao wakatia. Mashamba ya mpunga ya baba yetu nikayaweka rehani, na leo yamekaa mapaneli ya jua ya mtu wa Sendai. Nikienda dukani napita kwa njia ya nyuma, maana kuna nyumba bondeni hapa ambazo wenyewe walinunua mashine kwa kunifuata mimi.

Miaka yote hii nilijiambia, alikosea. Fundi hukosea. Hata mimi nimewahi kumimina mzigo mzima wa vifuniko nikaufungua umepinda kama senbei, biskuti ya mchele, iliyolowa. Nilimkasirikia hivyo, kama mtu aliyekosea. Mke wake alipokufa nikaanza kusema, huyu mjinga amekaa nje vya kutosha. Mtawa wa hekalu nilishamwona. Tarehe tulishaitaja.

Ndipo ikaja barua yako. Kumbe hakukosea! Alijua. Alijua kabisa kwamba ile ni diski ya kufa, na akanituma nizame nayo, mimi na bonde zima, ili kampuni yake ipate sahihi zake. Wewe ulimdanganya mkurugenzi. Yeye alimdanganya kaka yake. Nani mbaya zaidi hapo, Bwana Msomi?

Na nikuambie lingine ambalo Orie hajui. Asubuhi moja, baada ya kampuni kusalimu amri, alikuja karakana. Nilikuwa nimeshazima mashine. Akapiga magoti, akaweka paji la uso sakafuni, kwenye chembe za plastiki, akasema, "Kaka, sikustahili unipende kiasi kile." Maneno gani hayo ya kumwambia mtu uliyemfilisi? Nilidhani ananidhihaki. Nikamwambia, "Simama, unachafua suruali ya kampuni. Toka." Akatoka. Walimtoa kwenye bwawa la umwagiliaji barafu ilipoanza kulegea.

Nilikuwa nimeanza kujilaumu kwa neno lile la toka. Nakushukuru. Sasa silaumiki tena.

Nimeshamwambia mtawa aifute tarehe. Mwambie Orie asije Machi. Wote wawili wabaki huko huko kabatini.

Kenkichi Mizoguchi


Yokohama, 12 Februari 2024

Bwana Onuki,

Baba Mkubwa amenisomea barua aliyokuandikia, yote, kwa simu, kwa sauti ile ile anayosomea tangazo la mazishi. Kisha akakata.

Nimengoja uniandikie. Jana nilipiga simu huko mlipo. Muuguzi akasema unaendelea vizuri kidogo, unakunywa uji, na mwezi uliopita ulikuwa ukiulizia matokeo ya mieleka kila jioni. Basi kalamu unaiweza.

Kabla hujaniandikia, baba yangu alikuwa mtu aliyekosea, na mlango wa kaburi ulikuwa umeanza kufunguka. Umeniandikia ukweli, nami mpumbavu nikakusihi uupeleke Kamisawa, na sasa baba yangu ni mtu aliyemuuza kaka yake. Mlango umefungwa, na mama amefungiwa nje pamoja naye.

Nimejaribu kumwona baba akisema "nunua." Nimeshindwa. Ninamwona kwenye kiti, ananyamaza, anaitazama ile picha safi. Mtu aliyenyamaza vile hawezi kumtumia kaka yake neno kama lile. Au anaweza? Kwako aliinamisha kichwa. Huenda kichwa chake kilikuwa kinainama tu, kwa kila mtu, na mimi binti yake sikuwahi kuliona hilo.

Unaona ulikonifikisha? Namtilia shaka marehemu, na wa kumuuliza ni wewe peke yako, na wewe unaulizia mieleka.

Barua yako ya Desemba uliimaliza kwa kusema kwamba umesema yote. Habari ya kuja Kamisawa hukuigusa. Habari ya kula kwa Baba Mkubwa hukuigusa. Ningependa kuamini kwamba uliisahau.

Swali langu sasa ni moja. Je, baba yangu alisema nunua?

Usinijibu mimi. Mjibu Baba Mkubwa. Bado kuna Machi.

Orie


Kamakura, 21 Februari 2024

Mzee Kenkichi,

Barua hii nimeiandika mara mbili kwa maneno yale yale, moja inakuja kwako na moja inakwenda kwa Orie, ili pasiwe na mtu wa kati wa kubeba kauli. Mkono umekuwa mbaya. Palipovurugika mwombe Orie akusomee.

Kabla hujaamua kuhusu chungu cha mdogo wako, soma mpaka mwisho, hata ukitamani kuichana.

Desemba nilikuandikia nusu. Niliukiri uongo wa mwaka 2005 kwa sababu ulikuwa uongo wa ofisini, na uongo wa ofisini mtu huweza kuueleza na bado akabaki mtu. Nilisema pia kwamba Tadaoki alinyamaza, nikamwachia sehemu hiyo ya lawama, kwani mzigo wa wawili ni mwepesi. La mezani kwako nililipita. Nilitumaini kwamba uzee umekusahaulisha. Uliponiandikia na kuutaja hata uyoga, nilikaa wiki nyingi nikijiambia kwamba nitakufa kabla ya kujibu, na kwamba hilo litakuwa jibu. Sikufa.

Kabla Tadaoki hajaenda Ujerumani alinifuata ofisini, koti mkononi, teksi inamsubiri chini.

"Bosi," akasema, "mwezi ujao unakwenda Kamisawa na mikataba."

"Nakwenda."

"Kaka hatatia mhuri bila kuniuliza. Nikimpigia simu atataka sababu, hataniacha mpaka niseme, na nimekula kiapo cha siri za kampuni. Wewe ni mgeni, hatakubana. Mwambie asinunue. Usiongeze chochote. Sema tu, Tadaoki anasema usinunue."

Alikuwa ananiomba nifanye jambo dhidi ya kampuni yangu, mimi niliyekwisha kumwuza mara moja. Bado aliniomba. Nilimwambia, "Mimi ni mshenga wako. Nilikuletea mke, nitashindwa kufikisha neno moja?" Akacheka, akainama, akashuka ngazi akikimbia.

Nililibeba neno hilo mpaka mlangoni kwako. Asubuhi ya siku ile Hatakenaka alikuwa amenipigia: bonde lisipotia mihuri kabla ya mwisho wa mwezi, kazi inahamishiwa nje ya nchi na idara yangu inavunjwa. Nilikula chakula cha mkeo. Uliniuliza Tadaoki anasemaje. Nikaligeuza neno.

Kwa hiyo hakukudanganya. Jibu la swali la Orie ni hapana, hakusema nunua. Ningeweza kuishia hapa, na huenda ingetosha kumfungulia kaburi. Lakini umeniandikia maneno aliyokuambia akiwa ameinama sakafuni, na umesema hukuyaelewa. Mimi nimeyaelewa nilipoyasoma. Hapa duniani hakuna mwingine anayeweza kuyaelewa.

Mwaka mpya uliofuata alikuja kwenu akaikuta mashine imesimama karakanani, imefungwa kamba ya baraka. Hakukuuliza kitu mbele ya wafanyakazi wako, nawe hukuwa na cha kumuuliza. Lakini aliporudi Tokyo alinijia kantini, tukiwa kwenye foleni ya tambi, trei mkononi.

"Bosi, ulimwambia?"

Mashine ilikuwa ya wiki chache. Ilikuwa bado inaweza kurudishwa. Ningesema ukweli palepale angepanda treni ya jioni hiyo hiyo, na wewe ungekuwa na mashamba yako leo, naye angekuwa hai.

Nilimwambia kwamba nilikufikishia neno lake kama alivyolisema. Nilimwambia kwamba ulilisikiliza mpaka mwisho, ukacheka, ukasema, "Kama ni diski ya mdogo wangu, nitanunua hata kama ni ya kutupwa." Aliweka trei chini akalia mbele ya watu. Hukuwahi kuyasema maneno hayo, Mzee Kenkichi. Niliyatunga pale kwenye foleni, na yeye aliyaamini mpaka bwawani.

Shigenobu Onuki